Nyonyo si alizeti: msimu ulionigharimu

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Bahi alinipigia simu. Namba yangu alipewa mnadani. Ana magunia 14 ya nyonyo ndani ya nyumba, fedha amekopa kwenye kikundi, na alitaka kujua jambo moja tu: auze wapi. Nikamuuliza kama alizungumza na mnunuzi yeyote kabla ya kutoa hela. Akakaa kimya. Kimya kile ninakijua, kwa sababu na mimi niliwahi kuulizwa swali hilohilo nikakosa la kujibu, tena wakati huo magunia yangu yalikuwa mengi kuliko yake. Nimeona niandike yote niliyomweleza, na mengine ambayo muda wa maongezi haukutosha.

Mimi ni mzaliwa wa Mpwapwa, naishi Dodoma mjini. Kwa miaka sita nilinunua alizeti Kongwa na Mpwapwa, nikakamulisha Kibaigwa, nikauza mafuta kwa madumu na mashudu kwa wafugaji. Biashara hiyo nilikuwa naimudu, na kuimudu huko ndiko kulikoniponza. Nilipoingia kwenye nyonyo niliiendea kama alizeti yenye jina jingine.

Nyonyo kwetu si kitu kigeni. Mbarika, mmea unaozaa mbegu hizi, huota wenyewe jalalani, kando ya korongo, nyuma ya choo. Bibi yangu alikuwa akizikaanga mbegu kidogo, anazitwanga, anazichemsha kwa maji mengi, kisha anaengua mafuta yanayopanda juu kwa kijiko cha mti. Alipaka ngozi, alipaka nywele, na sisi wajukuu tukifunga choo tulinyweshwa huku tumebanwa pua. Ardhi yetu ya mvua chache, inayonyeshewa kuanzia Desemba mpaka Aprili halafu basi, haiusumbui mbarika. Mahindi yakinyauka, wenyewe bado umesimama. Kwa hiyo niliposikia kwamba Wahindi wanazitaka mbegu hizi kwa dola, nilijiona nina bahati iliyokuwa imeota uani kwangu muda wote.

Mwezi Julai 2021 nilinunua kilo 3,200. Niliwatuma vijana wawili wapite vijijini, nikalipa wastani wa shilingi 900 kwa kilo. Nasema kilo, lakini ukweli ni kwamba tulinunua kwa debe na kwa gunia, halafu tukapigia mahesabu ya kilo. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Gunia la nyonyo lililojazwa lumbesa lina maganda, vijiti, mawe, na mbegu changa nyepesi ambazo hazina mafuta. Tulipopepeta zote pale kwangu, kilo 410 zikawa takataka. Nilikuwa nimezilipia, nikazisafirisha, na magunia yake nikayanunua.

Nikatoa mbegu kwa jinsi nilivyozoea. Matunda ya mbarika, yale yenye miiba laini, tuliyaanika chini, uwanjani. Mengine tuliyatia kwenye kinu ili twende haraka. Hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana ndipo hasara kubwa ilipoanzia na hakuna aliyeniambia. Mbegu ya nyonyo ikipasuka, ndani yake kuna kimeng'enya kinachoanza mara moja kuyavunja mafuta na kuyageuza asidi. Mbegu nzima iliyokauka vizuri inatulia ghalani kwa miezi. Iliyopasuka, hasa ikipata unyevu, inaharibika huku unaitazama, na kwa macho huoni chochote. Mafuta yatakamuka, yatang'aa, yatakuwa mazito kama asali. Ubaya wake utausoma kwenye karatasi ya maabara.

Namna inayofaa nimekuja kufundishwa na akina mama wa kijiji kimoja cha Mpwapwa ambao hawajawahi kuingia maabara. Wanakata mashuke yaliyogeuka kahawia, si yote kwa siku moja, kwa sababu shuke la chini hukomaa wiki kadhaa kabla ya la juu. Wanayatandaza juu ya turubai, unene wa kiganja. Wanaacha jua lifanye kazi. Ikifika saa saba mchana utasikia uwanja mzima unalia: pa, papa, pa. Ni matunda yanafunguka yenyewe, kila moja linarusha mbegu zake tatu, nyingine zinagonga bati la jiko. Kwa hiyo pembeni ya turubai wanasimamisha mikeka. Jioni wanakusanya, wanapepeta kwa ungo, na zile chache zilizogoma wanazipiga polepole kwa fimbo. Mbegu inatoka nzima, ina madoa yake, inateleza mkononi. Jina la kisayansi la mmea huu, Ricinus, kwa Kilatini ni kupe, na ukiitazama mbegu hiyo kwenye kiganja utaona kweli ni kupe aliyeshiba.

Nirudi kwenye msimu wangu. Rafiki mwenye mashine ya kukamua alizeti alikubali kunikamulia usiku, baada ya wateja wake kuondoka. Nililipa shilingi 260,000. Nilikuwa nimesoma kwamba nusu ya uzito wa mbegu ni mafuta, na hilo si uongo, mbegu nzuri inakaribia huko. Ila nusu hiyo haitoki yote kwenye mashine ndogo. Viwanda vikubwa hukamua, halafu huyaosha mashudu kwa kiyeyushi, yaani kemikali ya kuyeyusha mafuta, ili kuchukua yaliyobaki. Sisi tulipata asilimia 32. Kilo 2,790 za mbegu safi zikatoa lita 930. Niliyahesabu madumu mara tatu nikidhani mengine yameibwa.

Asubuhi yake rafiki yangu alikuta alizeti ya kwanza inatoka na mafuta yasiyoeleweka. Nyonyo ni nzito, inang'ang'ania kwenye skrubu na kwenye chujio. Zaidi ya hapo, mbegu ya nyonyo ina sumu inayoitwa risini, na mabaki yake hayapaswi kukaribia mashine ya chakula cha watu hata kidogo. Ilibidi mashine ifunguliwe yote, isuguliwe, ioshwe kwa maji ya moto, kisha yakamuliwe magunia mawili ya alizeti ya kumwaga. Magunia hayo nililipa mimi, shilingi 140,000. Hata hivyo nilikuwa nimemfanyia jambo baya mtu aliyeniamini, na nilijua hivyo. Nawaomba sana: usikamulishe nyonyo kwenye mashine ya alizeti, ufuta au karanga, hata mwenyewe akikuruhusu. Huenda anakuruhusu kwa kuwa hajui.

Na hapo bado sijafika kwenye mbuzi.

Mashudu ya alizeti ni chakula cha mifugo, kila mtu wa Dodoma anajua. Magunia yangu ya mashudu ya nyonyo yalikaa nje ya uzio, na kwa macho hayakuwa na tofauti kubwa na yale mengine. Jumapili mchana mbuzi wa jirani walitoboa gunia. Jumatatu walikuwa wanaharisha na kukataa maji. Watatu wakafa, mmoja alikuwa na mimba. Mwenye mbuzi ni mzee wa miaka zaidi ya 70. Alikuja akasimama mlangoni, akanipa salamu kwanza, mbukwa, nikaitikia, ndipo akasema, "Mwanangu, ungeniambia tu kwamba ni sumu, ningewafunga." Hakupandisha sauti. Nililipa shilingi 240,000, na alipokea kwa sababu ilikuwa haki yake, lakini maneno yale ninayo mpaka leo. Watoto wa mtaa wetu walikuwa wakicheza juu ya magunia yaleyale.

Basi lielewe jambo hili vizuri. Risini haiingii kwenye mafuta. Inayeyuka kwenye maji, inabaki kwenye mashudu. Mafuta yaliyochujwa vizuri na kupashwa moto ni salama kwa kazi zake, na ndiyo maana dunia imeyatumia miaka mingi. Sumu imo kwenye mbegu na kwenye mashudu. Mtoto akimeza mbegu nzima inaweza kupita bila kumdhuru, ila akiitafuna ni hatari ya kufa, na dalili za kutapika na kuharisha zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Hakuna dawa ya kuiondoa risini mwilini. Hospitali hutibu dalili, kwa hiyo mtoto apelekwe mara moja bila kusubiri dalili zianze. Na vumbi la mbegu na mashudu linachokoza kifua na macho. Mmoja wa vijana wangu alivimba kope, mwenyewe nilikohoa wiki nzima. Sasa kwangu hakuna anayegusa gunia bila barakoa na glavu.

Nikiwa na lita 930 na deni, ndipo nikaanza kutafuta mnunuzi. Lisomeni tena neno "ndipo".

Kwa njia ya wakala mmoja nilipata mnunuzi wa nje. Alijibu kwa upole kabisa na kwa maswali ambayo sikuwahi kuulizwa kwenye alizeti. Kiwango cha asidi ni ngapi? Unyevu asilimia ngapi? Rangi? Kiwango cha haidroksili? Mapipa mangapi kwa mwezi? Daraja linalouzwa zaidi kimataifa linataka kiwango cha asidi kisichozidi 2 na unyevu usiozidi robo ya asilimia moja. Nilipeleka sampuli maabara na nyingine nikaituma kwake, jumla shilingi 185,000 pamoja na usafirishaji. Jibu: asidi 6.4. Kinu kilikuwa kimeniadhibu. Na hata kama ingekuwa 1, kontena la futi 20 linaingia mapipa 80 ya lita 200. Mimi nilikuwa na mapipa manne na sehemu ya la tano.

Usiku ule sikulala. Nilikaa na simu nikisoma, safari hii si bei, bali mafuta haya yanafanya kazi gani huko yaendako. Ningeanza na hilo, nisingeandika simulizi hii.

Mafuta ya alizeti yanaliwa, na mlaji anaangalia rangi na harufu. Mafuta ya nyonyo ni malighafi ya kemia. Sehemu kubwa yake, kati ya asilimia 85 na 90, ni asidi moja iitwayo risinoleiki, na asidi hiyo ina kitu ambacho mafuta mengine ya mimea karibu yote hayana: kikundi cha haidroksili, yaani oksijeni na haidrojeni zilizoshikana, katikati ya mnyororo wake. Hicho ndicho kinachoyafanya yawe mazito hivyo na yachanganyike na spiriti. Hicho ndicho wanakemia wanachokinunua. Yakiongezewa haidrojeni yanakuwa nta ngumu, na humo hutoka asidi inayotengenezea grisi ya lithiamu, ile tunayopaka kwenye beringi za malori yanayopita barabara ya Singida. Yakipikwa na soda kali yanatoa asidi ya sebasiki ya kutengenezea nailoni na vilainishi vya plastiki, kazi ambayo China inaifanya kwa wingi. Ufaransa, mjini Marseille, kuna kiwanda kinachogeuza mafuta haya kuwa malighafi ya nailoni 11, inayotengenezewa mabomba ya mafuta ya magari na ya breki za upepo. Yamo kwenye rangi, wino, povu la plastiki, rangi ya mdomo. Ndege za Vita Kuu ya Kwanza zenye injini za kuzunguka zililainishwa kwa mafuta haya, na jina la Castrol lenyewe limetokana na jina lake la Kiingereza.

Sasa mtu wa kiwanda kama hicho asidi ikizidi, mchakato wake unaharibika na hasara yake ni kubwa kuliko mzigo wako wote. Hana sababu ya kukuhurumia. Nilipolielewa hilo, hasira yangu kwa mnunuzi iliisha. Alikuwa ananiambia ukweli.

Bei nayo haikai Dodoma. India huzalisha zaidi ya robo tatu ya nyonyo za dunia, nyingi zikitoka jimbo la Gujarat, na huko kuna miji kama Deesa ambako soko la mbegu hizi ni kama soko la mahindi la Kibaigwa kwetu. Zinauzwa hata kwa mikataba ya baadaye, yaani bei inakubaliwa leo na mzigo unakuja miezi ijayo, kwenye soko la bidhaa la India liitwalo NCDEX. Wao hupanda Julai na Agosti wakati wa mvua zao, na mzigo humiminika sokoni zaidi kuanzia Februari hadi Aprili. Sisi tunavuna kuanzia Mei. Kwa hiyo mvua ya Gujarat ikiwa mbaya mwaka huu, bei yako ya mwakani inaweza kuwa nzuri, na ikiwa nzuri, wewe utasikia tu dalali anasema "zimeshuka" bila kukueleza kwa nini. Mimi siku hizi nafuatilia habari za mvua zao kila Agosti. Hainigharimu kitu zaidi ya bando.

Mafuta yale hatimaye aliyachukua mtengeneza sabuni wa mjini, kwa karibu shilingi 2,500 kwa lita. Kwenye sabuni asidi si kasoro, na nyonyo inaongeza povu laini, ila haiwekwi nyingi kwa sababu sabuni inalegea. Kwa hiyo alichukua kidogokidogo, miezi mitano. Nilipata shilingi 2,300,000. Nilikuwa nimetumia 4,015,000 ukijumlisha na usafiri na magunia. Hasara ni shilingi 1,715,000 bila kuhesabu riba ya kikundi wala miezi yangu saba. Mume wangu hakunilaumu hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nakwepa kukaa naye mezani.

Watu wananiuliza kwa nini nilirudi. Nilirudi kwa sababu makosa yalikuwa yangu na si ya mmea. Msimu wa pili nilianza na mnunuzi: mama mmoja wa Dar es Salaam anayefungasha mafuta ya nywele. Nilimuomba aniandikie anachotaka, kwa maandishi, na kiasi anachoweza kupokea. Kiasi hicho ndicho nilichonunua, kilo 1,100, si gunia la ziada. Nilinunua kwa mizani, mbele ya muuzaji, na nilikuwa na sharti moja ambalo nimelishika hadi leo: nachota konzi tatu kutoka katikati ya gunia, nazimwaga kwenye sahani nyeupe, nahesabu zilizopasuka. Zikizidi chache, gunia halipimwi. Mara ya kwanza akina mama walinuna. Nilipoongeza shilingi 150 kwa kila kilo ya mbegu nzima, kinu kiliachwa siku hiyohiyo.

Mashine ni yangu mwenyewe, ndogo, mafundi wa Kizota waliniundia, na haijawahi kuona mbegu ya chakula. Mafuta nayapasha moto, nayaacha yatulie siku nne, nayachuja mara mbili, na nayatunza kwenye madumu yaliyokauka kabisa kwa sababu tone la maji chini ya dumu linapandisha asidi upya. Kwa anayenunua mafuta kwa watu wengine, kuna kipimo ambacho hakihitaji maabara: chukua kijiko kimoja cha mafuta, vijiko vinne vya spiriti isiyo na maji mengi, tikisa kwenye chupa ya kioo. Nyonyo halisi inapotelea humo, chupa inabaki angavu. Iliyochanganywa na alizeti itaweka ukungu, halafu mafuta ya alizeti yatakaa chini. Niliwahi kurudisha madumu sita kwa kipimo hiki, muuzaji akiwa anatazama.

Kama unalenga nywele na ngozi, kumbuka vipodozi navyo viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu mwaka 2019, na mjasiriamali mdogo anaweza kuanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakamwelekeza. Kama unalenga kuuza mbegu nje, utahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Yote hayo ulizia kabla ya kuvuna, maana mbegu haisubiri karatasi.

Matokeo ya maabara ya msimu ule wa pili yalikuja kwa simu nikiwa stendi. Asidi 1.6. Nilimpigia mume wangu nikashindwa kusema, akadhani kuna msiba.

Mashudu sasa nampa mkulima wa zabibu wa Hombolo. Anayafukia chini kabisa kwenye mashimo ya mizabibu, yana naitrojeni nyingi, na anayafunika siku hiyohiyo kwa sababu mbwa wanavutwa na harufu yake na yanawaua kama yanavyoua mbuzi. Kila gunia lina msalaba mwekundu wa rangi, pande zote mbili, na linakaa ndani kwenye kufuli. Yule mzee jirani yangu huja kila msimu kabla sijaanza kukamua. Nampigia simu mwenyewe, siku mbili kabla, ili awafunge.

Kijana wa Bahi nimemwambia aje na konzi tatu kutoka kila gunia. Sahani ninayo.